Tumbo la Mpiga Besi

Kaka yangu amepasuliwa tumbo mara nne. Ya kwanza ilimwokoa, ya mwisho nitaisimulia, na hizo mbili za katikati zilikuwa kazi bure. Nikizikumbuka mpaka leo damu inanichemka. Inanichemka kwa madaktari, inanichemka kwa kaka mwenyewe, na zaidi ya wote kwa mtu mmoja mwenye mdomo mrefu ambaye ni mimi.

Kaka ni askari polisi, ila katika miaka yote ya kazi hajawahi kumkamata mtu hata mmoja. Yuko bendi ya polisi. Na si kwamba anapiga yale matarumbeta madogo ya mstari wa mbele yanayopigiwa makofi. Yeye anapiga besi, lile dubwana la kupulizwa la nyuma lenye mdomo mpana kama karai, ambalo likinyamaza ndipo watu wanagundua kwamba lilikuwepo. Kazini wanamwita Besi. Mimi ni mdogo wake, naye ananiita Redio, na sikatai. Ni karani wa masjala, nashinda na mafaili yasiyojibu salamu, nikitoka kazini lazima niongee na mtu.

Aliingia bendi akiwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, shingo ndefu. Mkuu wa bendi wa wakati ule alimwangalia akacheka, akamwambia, "Hilo besi litakupuliza wewe." Kisha akamlaza chali sakafuni, akamwekea matofali mawili tumboni, akamwamuru avute pumzi mpaka matofali yapande, halafu ayashushe polepole huku akihesabu hadi thelathini. "Mashavu ni pambo la sura," alimwambia. "Tumbo ndiyo injini." Kaka alikuja nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyeokota hazina, na kwa wiki kadhaa mama alikuwa akimkuta amelala chali chumbani na matofali juu ya tumbo. Nilimwambia mama imebaki figa moja tu, tumtelekee chungu.

Miaka ikapita, akaoa, akapata watoto wawili, akapanda vyeo viwili. Akanenepa kidogo. Habari ya injini akawa anawafundisha wengine, na sisi wa nyumbani tukaisikia mpaka tukachoka nayo.

Miaka sita iliyopita kidonda cha tumbo kilitoboka akiwa mazoezini. Walimpasua haraka haraka, kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, kwa sababu uchafu ulikuwa umeshatapakaa ndani. Alichungulia kaburi akarudi. Mshono ulitoa usaha karibu mwezi mzima, ukapona, akarudi kazini, tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi minane akaniita pembeni, akafunua shati. Juu ya kitovu, ubavuni mwa kovu, kulikuwa na kitu kimevimba kama yai. Akikibonyeza kinarudi ndani, akisimama kinatoka.

Daktari alisema ni ngiri ya kovu. Alieleza vizuri tu: ngozi imefunga, lakini chini ya ngozi ule ukuta wa misuli haukushikana, umebaki na tundu, na utumbo unachungulia hapo. Inashonwa, akasema, mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Hapo ndipo nilipojitwika uongozi. Mke wa kaka, wifi yangu, ni mtu wa sauti ndogo. Anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikamwambia, "Wifi, wewe baki na watoto. Mimi nimezoea watu wa maofisini, najua jinsi ya kuwakalia kooni." Hakubisha. Basi kila kliniki nikawa mimi ndiye ninayekwenda, nimekumbatia faili, na kaka akiulizwa swali jibu linatoka kwangu.

"Anavuta sigara?"

"Hajawahi."

"Anakohoa? Anapata choo kigumu? Anabeba mizigo?"

"Hakohoi, choo hakina shida, na mizigo tutamkataza."

"Kazi yake?"

"Askari," nikasema, "lakini usihofu, daktari, hakimbizani na wezi. Yake ni kazi ya kukaa."

Daktari akaandika. Kaka akaitikia kwa kichwa.

Walimshona. Masharti tukayafuata kama dawa ya saa. Kwa miezi mitatu kaka hakunyanyua hata ndoo ya maji. Wifi ndiye aliyekuwa akiinama kumfunga kamba za viatu, na mapapai aliyolishwa yule mtu ili choo kiwe laini yangetosha kufungua genge. Aliporudi kazini hakubeba besi mwenyewe. Gwaride la kutembea aliondolewa, akawa anakaa kwenye kiti, askari wawili wanaliinua besi na kumwekea mapajani taratibu, yeye analikumbatia na kupiga. Sisi tukamsifu kwa nidhamu.

Miezi kumi na moja baada ya kushonwa, ule uvimbe ukatoka tena, sasa kama ngumi.

Mara ya pili walimwekea wavu. Ni kipande cha matundu matundu kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki, kinashonewa ndani ili nyama iote humo na ukuta upate nguvu. Miezi mitano ya kupumzika safari hiyo, si mitatu. Masharti yale yale, mapapai yale yale, kiti kile kile. Mwaka mmoja na nusu baadaye wavu ukaachia upande mmoja, utumbo ukapita pembeni yake.

Mtu atakayeniambia angevumilia hapo bila kutafuta wa kulaumiwa, namwambia mwongo. Mimi nilimpata upesi. Jumamosi moja nilikwenda kumwona kaka nikakuta jikoni mtungi mpya wa gesi, ule mkubwa, umesimama kando ya jiko. Nikamkuta kaka naye amelala kitandani ameshika tumbo. Nikajumlisha. Nilirudi jikoni nikamwambia wifi maneno ambayo sitayarudia yote hapa. Nilimwambia anamtumikisha mgonjwa kama punda. Nilimwambia angekuwa ni kaka yake yeye asingethubutu. Alijaribu kusema kitu, nikamkata kauli. Kwa mwaka mzima baada ya hapo kati yetu ilikuwa "habari za hapa" na "nzuri", basi. Na kwa ndugu wengine nilihakikisha habari za mtungi zinafika, si mnajua naitwa nani.

Daktari bingwa wa tatu alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno, kwa hiyo mimi na yeye hatukupatana tangu kwenye salamu. Alimlaza kaka, akambonyeza kwa muda mrefu, akamwambia ainue kichwa, akamwambia akohoe.

"Misuli imeshaachana upana wa kiganja," alisema. "Nitaitenganisha kwa matabaka ili iweze kuvutwa mpaka ikutane katikati, na wavu mkubwa nitauweka nyuma yake. Lakini nisikilizeni vizuri. Hii nitaifanya mara moja. Ikiachia tena, sitakuwa na nyama nzuri ya kushonea, wala sidhani mwenzangu yeyote atakuwa nayo. Atabaki na tumbo lililo wazi, na siku utumbo ukinasa hapo atakuwa hatarini."

Nikauliza, "Na hizo mbili za mwanzo kwa nini ziliachia?"

"Hilo ndilo nisilolielewa," akasema, akipekua faili. "Havuti, hakohoi, hana kisukari, habebi kitu. Nendeni mkapime pumzi kwanza. Utumbo wote huo ukirudi ndani, mapafu yatabanwa, nataka nijue yana nguvu kiasi gani."

Chumba cha vipimo kilikuwa mwisho wa korido, na muuguzi aliyekuwamo alikuwa akila karanga kisirisiri kutoka kwenye droo. "Baba, kaa wima," alisema. "Fungua shati. Na huo mkanda wa tumbo utoe, utakubana." Akampa kaka bomba gumu la karatasi lililounganishwa na mashine ndogo. "Unavuta pumzi yote, halafu unapuliza kwa nguvu, usikate mpaka nikuambie."

Namjua kaka yangu. Aliisogeza miguu ikawa sambamba, akanyoosha mgongo, akalamba midomo. Mtu aliyeingia hospitalini amejikunja kama mzee wa miaka themanini ghafla alikuwa yuko jukwaani. Akavuta, akapuliza.

"Endelea, endelea, endelea," muuguzi akawa anaimba kwa mazoea huku akitazama mashine. Kisha akanyamaza. Akaigonga mashine kwa kidole. "Hebu rudia."

Kaka akarudia, sasa kwa madaha kabisa.

Muuguzi akafunga droo ya karanga. "Baba, haya mapafu umeyatoa wapi? Vijana wa mpira hawanifikishii hapa."

"Mazoezi tu," kaka akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa mwaka mzima.

"Haya, ya tatu ndiyo ya mwisho."

Safari hii muuguzi hakutazama mashine, alimtazama kaka. Niliyaona macho yake yakishuka, nikayafuata. Kushoto kwa kovu, juu kidogo ya kitovu, tumbo lilikuwa linapanda. Halikuruka na kurudi kama mtu anapokohoa. Lilipanda likabaki juu, limetuna kama chungwa kubwa, ngozi inang'aa, na likakaa hivyo hivyo muda wote pumzi ilipokuwa ikitoka. Na pumzi ya kaka haiishi upesi.

"Acha," muuguzi akasema. "Baba, acha! Unafanya kazi gani?"

"Askari," nikadakia.

"Nimemuuliza yeye, dada."

"Napiga besi," kaka akasema. "Bendi ya polisi." Akachora ukubwa wake hewani kwa mikono.

"Kila siku?"

"Saa nne kwa siku. Kukiwa na sherehe, hata sita."

Muuguzi alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyewakuta watu wazima wanachezea kiberiti. "Na daktari analijua hilo?"

Tulirudishwa kwa daktari kabla ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa imeandikwa kazi ya kukaa."

"Si anapiga amekaa," nikasema, na nilipojisikia nikiyatamka maneno hayo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivua miwani, akaongea na kaka peke yake. "Mtu akibeba ndoo tumbo linakaza kidogo, akiiweka linalegea. Wewe unalikaza saa nne kila siku, na unalikaza kwa ustadi. Mzigo wako hauko mkononi, uko ndani, unasukuma mshono kutoka ndani. Wapo wapuliza vyombo waliorudi kupuliza baada ya kushonwa mara ya kwanza, polepole, kwa kuangaliwa. Wewe umechelewa. Nikikushona, besi basi."

"Basi mpaka lini?" kaka akauliza.

"Basi kabisa."

"Na nikipiga kidogo kidogo?"

"Kidogo chako nimeletewa hapa kwenye karatasi." Akaisogeza ile karatasi ya mashine, mstari umepanda mpaka karibu utoke nje. "Nenda ukafikirie. Nataka jibu lako, si la dada."

Njia nzima kaka alikuwa anafoka. "Pumzi haina kilo, Redio! Wewe umeshaona pumzi imewekwa kwenye mzani?" Mimi hasira zilikuwa zimenijaa. Miaka mitano! Visu viwili, wavu mmoja, mapapai lukuki, na jibu lilikuwa limekaa mapajani mwake, linang'arishwa kila Ijumaa.

Tulimkuta wifi sebuleni anapiga pasi sare. Kaka akapita moja kwa moja chumbani akabamiza mlango. Mimi nikasimulia yote, kwa mbwembwe zangu, mashine, karanga, chungwa. Nikamalizia kwa kusema, "Hebu fikiria, wifi, kumbe ni besi! Hakuna mtu hata mmoja aliyewaza!"

Wifi aligeuza shati upande wa pili, akalinyoosha kola.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia nini?"

"Siku ile ya mtungi. Nilikuambia, labda ni lile besi, mbona uvimbe ukimtoka huwa ni akishapiga. Ukaniambia nisisingizie chuma, niache kumtumikisha." Hakupandisha sauti. "Mtungi niliuviringisha mwenyewe, wifi, kutoka getini mpaka jikoni. Yeye nilimwambia pia kuhusu besi, akanicheka. Nikasema kama ni kweli, madaktari si wataona. Kule kwa madaktari ulikuwa unakwenda wewe."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Nilikumbuka, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba nilikumbuka. Nilimsikia siku ile. Nilisikia neno "besi" likitoka mdomoni mwake, nikalifukuza kama nzi, kwa kuwa mtu mwenye sauti ndogo hivyo sikumdhania kuwa na la maana. Mimi ninayelipwa kwa kutunza kumbukumbu za watu! Nililia pale pale, kilio cha hasira, kamasi na yote. Wifi akazima pasi, akaenda kuniletea maji.

Kaka alifikiria wiki tatu, na zilikuwa wiki za kumkera malaika. Hali, haongei. Mkuu wa bendi wa sasa, kijana mstaarabu, alikuja kumpa nafasi ya matoazi. "Matoazi!" kaka akasema mlango ulipofungwa. "Miaka ishirini na tisa, nikapige matoazi kama ninafukuza ndege shambani!" Akawa anajifungia bafuni na lile domo la chuma la besi, kikombe kidogo ambacho mpigaji hutembea nacho mfukoni, anapuliza humo, na nyumba nzima inasikia kama nyuki amenasa kwenye mtungi. Watoto wakanipigia simu. Nikavaa viatu nikaenda, nimeshapanga hotuba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sikuitoa. Nilimkuta wifi ameshaingia bafuni. Mlango ulikuwa wazi, kaka amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, domo mkononi. Wifi alikuwa amemfungulia shati. Alichukua mkono wa kaka, akauweka juu ya uvimbe, akauacha hapo.

"Sasa puliza," akasema.

Kaka akapuliza. Niliuona mkono wake mwenyewe ukiinuliwa, vidole vikitawanyika. Alipuliza mpaka pumzi ikaisha, na mkono ulipokuwa ukishuka alibaki anautazama.

"Linapanda kweli," akasema.

"Linapanda," wifi akasema. "Acha, baba watoto. Nakuomba mimi."

Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akimwomba kitu. Jumatatu iliyofuata walikwenda kwa daktari wawili tu, na jibu alilitoa kaka.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi mimi na wifi tangu asubuhi. Ilichukua saa tano. Saa ya tatu nikasema nililokuwa nimelimeza kwa mwezi mzima: nilikukosea, nikakupaka matope kwa ndugu, nimeshawapigia mmoja mmoja nikawaambia ukweli, nisamehe. Alikuwa akiutazama mlango wa chumba cha upasuaji. "Nimekusamehe," akasema. "Kusahau ndiyo unipe muda." Nikasema muda ninao.

Alikaa hospitali siku kumi. Tumbo lilikuwa limebanwa, alipumua kwa shida siku za mwanzo, na yale mapafu yake makubwa ndiyo yaliyomvusha, daktari alisema hivyo mwenyewe. Kukohoa alikohoa amekumbatia mto. Aliporudi kazini walimpa ghala la vyombo vya bendi. Anapokea, anatoa, anaandika.

Juzi ulikuwa uchunguzi wa kutimiza mwaka. Tulikwenda watatu, mimi nimekaa nyuma karibu na mlango, sikuulizwa kitu wala sikujibu kitu. Daktari alimsimamisha, akamlaza, akamwambia ainue kichwa, akamwambia akohoe kwa nguvu zake zote. Akapitisha vidole kuanzia juu ya kovu hadi chini, akarudia tena.

"Imeshika," akasema. Na yule mwanamke asiyependa maneno akacheka kwa sauti. "Ukuta mzima. Huna ngiri, baba. Umepona."

Huko koridoni nilishindwa kujizuia, nikapiga kigelegele mpaka mlinzi akageuka. "Kaka, umepona! Umesikia? Umepona kabisa!"

"Nimesikia," akasema. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, polepole. "Nimepona, Redio. Asubuhi naamka saa kumi na moja, saa ya mazoezi, kama zamani, nakaa kitandani, sina maumivu popote. Halafu sijui niinuke nifanye nini."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno kama kawaida, nina maneno ya kila kitu, na nikaona hakuna hata moja linalofaa. Wifi akamshika mkono, wakatangulia, wanatembea taratibu, na mimi nikawafuata nyuma.